Homa ya Papasi Katika Njia za Misafara

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, ilikanyagwa na maelfu ya wapagazi, aghalabu Wanyamwezi, walioteremsha pembe za ndovu pwani na kupandisha nguo na shanga bara. Na kila jioni, mizigo ilipotuliwa, watu hao walijinyoosha katika mabanda ambayo wageni wengine wengi walikuwa wamelala kabla yao. Humo, katika nyufa za kuta za udongo na mavumbi ya sakafu, aliishi papasi, naye ni wa jamii ya kupe. Kupe wa ng'ombe hugandamana na ngozi siku kadhaa akaonekana. Lakini papasi hutoka usiku, hunywa damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni, na alfajiri msafiri huamka hana habari kwamba ameumwa.

Homa humshika baada ya siku saba hivi, naye amekwisha kufika mbali na banda lile, pengine yu nyumbani kwa mkewe na wanawe. Hapo ndipo taabu ya tabibu ilipoanza. Joto kali, kichwa kuuma, kutapika na viungo kuvunjika ni dalili za malaria pia, na mgonjwa wa homa alipewa kwinini. Ugonjwa ulipotulia wenyewe baada ya siku chache, kwinini ilipata sifa isiyostahili. Ulipozuka tena juma lililofuata, mgonjwa alidhaniwa kuwa ameumwa na mbu upya.

Wenyeji walikuwa wakimlaumu papasi zamani kabla ya matabibu kumshuku. David Livingstone, katika kitabu chake cha 1857, alieleza madhara ya kuumwa naye, lakini ithibati ilikawia. Otto Obermeier alikuwa ameona huko Berlin, mnamo 1868, vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama parafujo katika damu ya wagonjwa wa homa irudiayo, ile iletwayo na chawa. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne walikuta vijidudu vya namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa Uganda walioumwa na papasi. Na huko Kongo, Joseph Everett Dutton na John Todd walithibitisha, kwa kuwaacha papasi wawaume kima, kwamba papasi ndiye mwenezi. Wote wawili waliambukizwa kazini. Dutton alifariki Kasongo Februari 1905, kijana wa miaka 30, na kijidudu hicho hata leo huitwa kwa jina lake, *Borrelia duttonii*. Sioni heshima iliyolipiwa ghali kuliko hiyo.

Mwaka huo huo Robert Koch alisafiri kutoka Dar es Salaam kuelekea Iringa, akichimbua udongo wa mabanda ya misafara, akawapata papasi karibu kila kituo, na hata katika vijiji vilivyo kando ya njia, ambako wenyeji wazima waliumwa pasipo kuugua sana, kwa kuwa miili yao ilizoea tangu utotoni. Aliona pia vijidudu ndani ya mayai ya papasi, ikabainika kwamba mama huwarithisha watoto wake maradhi. Kwa hiyo banda lililohamwa miaka mingi, ambamo papasi huweza kukaa na njaa kwa muda mrefu, lingali hatari kwa mgeni.

Kuutambua ugonjwa kulihitaji tone la damu ya kidoleni, lipakwe juu ya kioo, litiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Lakini saa ya kulitoa ina hukumu yake: joto linapopanda vijidudu huonekana tele, na joto likishuka vyaweza kutoweka kabisa, na mganga akaapa kwamba damu ni safi. Siku hizi maabara hutafuta chembe za urithi za kijidudu, nazo hupatikana hata damu ikiwa na vijidudu vichache. Walakini msafiri aliyerudi London au Muscat kutoka Dodoma hatapimwa hivyo ikiwa tabibu wake, baada ya kukosa malaria, hakumwuliza alilala katika nyumba ya namna gani.