Herufi 160 na insha ya darasani

Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi na taipureta yake, akachapa sentensi za hapa na pale na kuhesabu herufi. Karibu zote hazikufika 160, na kikomo cha ujumbe wa simu kikawa hicho.

Ufinyu huo ukazaa vifupisho vya Kiingereza kama gr8 (great) na 2moro (tomorrow). Mwaka 2003 magazeti ya Uingereza yakapiga kelele: msichana wa miaka 13 huko Scotland, yaliripoti, alimkabidhi mwalimu insha nzima ya namna hiyo.

Je, wa kulaumiwa ni wasichana? Mtafiti Rich Ling alichambua ujumbe wa simu nchini Norway, akaona wanawake, hasa vijana, wakiandika kwa urefu zaidi, tena kwa sarufi changamano zaidi kuliko wanaume.

Marekani, vijana walioulizwa na taasisi ya Pew mwaka 2007 hawakuficha: asilimia 38 waliwahi kupenyeza vifupisho kwenye kazi za shule, na nusu walilegeza herufi kubwa na alama za uandishi. Hata hivyo, Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry waligundua kwamba watoto waliopenda vifupisho walisoma vizuri zaidi.