Safu za Tarakimu katika Nchi ya Mbulu

Serikali yoyote, iwe ya wageni au ya wenyeji, ikitaka kuwajua watu wake huanza kwa kupiga mistari kwenye karatasi. Na katika nchi ya Mbulu, ambamo kata ya Tumati imo pamoja na vilima ambavyo Wairaqw wamevilima na kuvichungia ng'ombe kwa vizazi vingi, mistari hiyo ilikuja pamoja na kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1897, Waingereza nao wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922, na chini ya dola zote mbili mwananchi aliyesimama mbele ya karani, pamoja na ukoo wake, mifugo yake na hoja zake, alifupishwa kuwa jina, idadi ya nyumba, kiasi cha fedha, na alama ya kuwa amelipa au hajalipa. Daftari lile halikuwa na huruma, lakini lilikuwa na nidhamu ambayo sisi wa zama za kompyuta tumeirithi aghalabu bila kujua tumeirithi kwa nani: kila habari ina safu yake, na habari ikitoka katika safu yake huwa uongo, hata kama tarakimu yenyewe ni ya kweli.

Kuhesabu nyumba za kodi ni jambo moja, kuhesabu nafsi zote ni jambo jingine. Sensa ya mwaka 1948, iliyoendeshwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, haikutosheka na idadi ya jumla, bali sehemu moja katika kumi ilirudiwa kwa maswali ya ndani zaidi. Ikafuata ya mwaka 1957, na baada ya Uhuru ile ya Agosti 1967, iliyopata watu 12,313,469 katika Tanzania nzima. Safu iliyowasumbua makarani kuliko zote ilikuwa ya umri, maana mzee aliyezaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kufika vijijini hana mwaka wa kutaja ila ana tukio la kukumbuka, vita au njaa au mwaka wa nzige, na ni juu ya karani kulipima tukio hilo na kuligeuza kuwa tarakimu mbili. Ndiyo sababu katika majedwali ya sensa zetu umri unaoishia na sifuri au tano hujaa watu kupita kadiri.

Tarakimu hizo zilihitaji chombo cha kuzisoma. Mmarekani Herman Hollerith alikuwa amekwisha onyesha, katika sensa ya nchi yake ya mwaka 1890, kwamba tundu lililotobolewa mahali maalumu katika kadi linaweza kuhesabiwa na mashine. Na mwaka 1928 kampuni ya IBM ikatoa kadi ya safu 80, ambayo kipimo chake kiliendelea kuitawala mistari ya maandishi ya kompyuta hata kadi zenyewe zilipokwisha kutupwa. Katika kadi kama ile hapakuwa na nafasi ya mapambo: safu moja, tarakimu moja.

Natoa mfano, kwa kuwa jambo hili halieleweki kwa maneno matupu. Tuseme msichana wa Tumati ana umri wa miaka saba, na katika faili jinsi ya kike ni 2, umri umetengewa safu mbili, na asiyeolewa ni 1; basi ataandikwa 2071. Mtu akiifuta ile sifuri kwa kudhani haina kazi, mstari utakuwa 271 na kuendelea, na programu ya uchambuzi, ambayo haimwoni mtoto bali huona nafasi tu, itachukua 71 kuwa umri wake, kisha itachukua tarakimu inayofuata, pengine ya elimu, kuwa hali yake ya ndoa. Mtoto amekuwa bibi kizee, wala programu haitalalamika, maana miaka 71 ni umri halali. Na kosa hilo litaingia katika wastani, wastani utaingia katika taarifa, na taarifa itaamua idadi ya madawati.

Programu ya SPSS ilipotolewa Marekani mwaka 1968, mtafiti alipaswa kuiambia kwa amri ya maandishi safu ipi inaanza wapi na inaishia wapi, na maelezo hayo aliyatoa katika kitabu cha misimbo kilichotungwa na waliobuni dodoso. Kwetu vyombo vyenyewe vilikuwa adimu: Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, ikapiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974. Lakini faili la maandishi matupu lina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba hudumu kuliko mashine iliyoliandika. Sampuli za sensa zetu za 1988, 2002 na 2012 zimehifadhiwa katika mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwanafunzi wa leo aweza kuzipata zikiwa bado katika safu zenye upana maalumu.

Akizipata, na ajihadhari na mipaka. Wilaya ya Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969, kwa hiyo Mbulu ya sensa ya 1967 si Mbulu ya sensa zilizofuata. Na mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipozaliwa kutoka Arusha, milima ile ile ilitoka katika mkoa wenye msimbo 02 ikaingia katika mkoa wenye msimbo 21. Programu nyingi za majedwali, zikisoma 02, huihesabu kuwa namba na kubakisha 2, ilhali msimbo wa mkoa si kiasi cha kitu chochote, ni jina lililovaa tarakimu.

Wala maandishi hayana usalama kuliko tarakimu. Nchi ya asili ya Wairaqw huandikwa Irqwar Da'aw, kwa ritifaa, na programu ya R, waliyoianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ina amri ya kusoma majedwali ambayo, isipoelekezwa vinginevyo, huidhania ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu; faili likiwa limetenganishwa kwa tabo, mistari yote inayofuata humezwa hadi ritifaa nyingine itokee. Kwa wafugaji maafa hayo hayahitaji jina la mahali: neno ng'ombe latosha.

Haya si mambo ya makarani peke yao. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Norway walifanya kazi katika wilaya za Mbulu na Hanang, nchi inayohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom tangu mwaka 1955, wakitaka kujua ni wanawake wangapi hufa kwa uzazi mahali ambapo vifo vingi havifiki katika kitabu cha hospitali. Mojawapo ya njia walizotumia huwauliza watu wazima habari za dada zao wa tumbo moja: wangapi walifikia umri wa kuolewa, wangapi wako hai, wangapi wamefariki, na kati ya waliofariki wangapi walikufa wakiwa wajawazito, wakijifungua, au ndani ya wiki sita baada ya kujifungua. Maswali manne, safu nne, na katika ile ya mwisho msiba wa nyumba nzima umeandikwa kwa tarakimu moja. Faili hilo likisogea nafasi moja wakati wa kuingizwa, marehemu huhesabiwa kuwa hai.

Tangu sensa ya mwaka 2022, iliyopata watu 61,741,120, makarani wanatumia vishikwambi, na tarakimu huzaliwa zikiwa tayari katika safu zake. Hata hivyo kila anayezipokea baadaye atalazimika kuzihamisha kutoka programu moja hadi nyingine. Nawasihi maofisa takwimu wa wilaya, waganga na wanafunzi wetu: faili lisitoke mkononi mwenu bila kitabu chake cha misimbo, misimbo isomwe kama maandishi, isifanywe namba, hesabuni mistari mliyoipokea na kuilinganisha na kaya zilizohojiwa, na kabla ya kutoa wastani wowote, fungueni faili lenyewe mkaisome kwa macho mistari michache ya mwanzo, ya kati na ya mwisho.