Nyumba ya Magurudumu: Habari za Motokaa za Misioni na Mikono Iliyozitunza

Katika mwaka wa jubilii ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa daraja, na shule zilizofunguliwa. Hesabu hiyo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini liko jambo moja ambalo vitabu vya namna hii huliacha nje, nalo ni chombo kilichowachukua watenda kazi hata mahali pao pa kazi, na mikono iliyokifanya chombo hicho kiendelee kwenda. Sisi tuliokabidhiwa kurasa hizi tumeona vema kusimulia habari hiyo. Tena tunayo sababu ya karibu. Dayosisi yetu inayo motokaa kuukuu yenye vitanda na jiko ndani, iliyotumika kwa safari za vijiji vya mbali, nayo sasa imesimama. Katika baraza limeulizwa swali: je, itengenezwe, ama iuzwe kwa bei ya chuma chakavu? Kabla ya kujibu yafaa tuwatazame wenzetu waliotangulia.

Waingereza huiita nyumba ya magurudumu kwa neno caravan, nalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Basi jambo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwenda bara pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao wakafanya makao Masasi. Safari ile ilikuwa ya miguu. Mwaka huo huo Roger Price, wa London Missionary Society, aliswaga ng'ombe kutoka Saadani hata Mpwapwa ili aone kama magari ya kukokotwa yaweza kupita njia ile. Ng'ombe wale walifika salama, watu wakafurahi. Lakini magari yenyewe yalipoletwa mwaka 1877, ng'ombe wengi wakafa, kwa maana mbung'o wako njiani. Magari yalikuwa mazima, wala hapakuwa na kitu cha kuyaendesha. Hapo twaona somo la kwanza: kupata chombo si mwisho wa shauri, bali ni mwanzo wake.

Sasa twawaomba wasomaji watufuate hata nchi ya mbali, Kanada, kwa maana huko ndiko nyumba ya magurudumu ilikopata kuwa chombo cha misioni kwelikweli. Mwaka 1872 serikali ya nchi ile ilitoa sheria kwamba mtu atakayekaa na kulima aweza kupewa eka 160. Reli ya kuvuka nchi yote ilipomalizika mwaka 1885, watu wengi wakaenda kukaa katika mbuga za magharibi na kulima ngano. Kwa kuwa kila jamaa walikaa katikati ya shamba lao, nyumba zilikuwa mbali mbali, na kanisa lilikuwa mbali zaidi. Watoto wakakua bila kufundishwa dini.

Huko Uingereza alikuwako mwanamke mmoja, Eva Hasell, aliyezaliwa mwaka 1886 katika jamaa ya Dalemain, wilaya ya Cumberland. Alikuwa amejifunza kazi ya kuwaongoza walimu wa Sunday School katika St. Christopher's College, Blackheath, karibu na London. Alipopata habari za watoto wale, aliona kwamba kama hawawezi kufika shuleni, hapana budi shule iwafikie. Mwaka 1920 akasafiri hata jimbo la Saskatchewan, katika dayosisi ya Qu'Appelle, pamoja na Winifred Ticehurst, mwenye ustadi wa kuendesha motokaa. Wakaingia njiani katika motokaa ya Ford iliyofanywa nyumba. Kitabu alichokitoa mwaka 1922, Across the Prairie in a Motor Caravan, chataja katika anwani yake safari ya maili 3,000.

Wasomaji na waifikirie safari hiyo. Wanawake wawili, katika njia za udongo, walilala ndani ya motokaa, wakaitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Siku zile watu wengi hawakudhani kwamba mwanamke aweza kuitawala mashine. Nao hawakujibu kwa maneno. Walijibu kwa spana.

Motokaa yenyewe ilikuwa Model T, kwa maana mwaka 1920 Ford hakutengeneza motokaa ya namna nyingine. Ilianza kutengenezwa mwaka 1908 ikakoma mwaka 1927, zikatoka zaidi ya milioni 15. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 20 hivi. Twaieleza hapa kidogo, ili ionekane jinsi ilivyomtaka mwenyewe aijue kama mchungaji ajuavyo kondoo wake.

Kwanza, haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na mafuta yalishuka yenyewe hata kabureta. Basi kama petroli ni haba na mlima ni mkali, kabureta huwa juu kuliko tangi, na injini huzimika. Dereva mwenye akili aligeuza motokaa akapanda mlima kwa kurudi nyuma. Pili, haikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe yakaingia katika rejeta, na ya baridi yakashuka kurudi katika injini. Mwendo huo ulikatika maji yalipopungua, na injini ikachemka. Tatu, haikuwa na kipimo cha oili mbele ya dereva. Chini ya injini palikuwa na vibilula viwili, kimoja juu ya kingine. Mtu alilala chini akafungua cha juu. Oili ikitoka, inatosha. Isipotoka, hufungua cha chini, na hapo pia isipotoka, asithubutu kwenda hata hatua moja.

Tena breki ya mguu haikushika magurudumu. Ilikaza ukanda wa kitambaa ndani ya sanduku la gia, na ukanda ule ukilika hapana budi kukazwa ama kubadilishwa. Katika kuwasha kwa hendeli, ilikuwa lazima kwanza kurudisha nyuma mkono mdogo chini ya usukani uliotawala wakati wa cheche, kisha kuvuta hendeli kwenda juu, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Aliyesahau hayo hendeli ilimrudi kwa nguvu, na wengi wamevunjika mkono kwa namna hiyo.

Mambo hayo yote ni madogo. Lakini kila moja, likiachwa, lingewaacha watoto wa nyumba fulani bila mwalimu mwaka mzima. Kwa maana kazi yao ilikuwa ya miezi ya joto tu. Katika miezi ya baridi, theluji ikifunga njia, watoto waliokwisha andikwa majina waliletewa masomo kwa posta. Basi siku iliyopotea kwa motokaa mbovu ilikuwa hasara isiyorudishwa kwa upesi. Hata kupumzisha motokaa kulikuwa na kanuni yake: lazima maji yote yamwagwe katika rejeta na injini kabla ya baridi kali, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua chuma.

Njia nazo zilikuwa adui. Udongo wa mbuga zile, ukinyeshewa, hunata kama ulimbo, hujaa katika magurudumu hata yasizunguke. Kwa hiyo koleo, kamba, na jeki vilikuwa vyombo vya uinjilisti kama vilivyo vitabu na picha.

Tuseme pia habari ya kuipamba nyumba ya namna hii kwa vyombo. Anayejaza motokaa kama ajazavyo ghala huiua kabla ya wakati wake. Mizigo mizito, kama maji, vyakula vya kopo, na vyuma, hukaa chini, katikati ya ekseli mbili, ili motokaa isiyumbe wala springi za nyuma zisilemewe. Vyepesi, kama blanketi na nguo, hukaa juu. Jiko likae mbali na petroli, na penye hewa. Spana na viraka vya mpira viwe mahali ambapo mkono utavipata gizani bila kutoa mizigo mingine. Lakini adui mkubwa wa nyumba kuukuu ya magurudumu ni maji ya mvua. Huingia katika maungio ya paa na madirisha, yakaozesha mbao kwa ndani, na kwa nje rangi ingali ikimeta. Mwenye nyumba hajui hata siku bisibisi inapozama katika ubao kama katika mkate. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ile iliyoanza kwa motokaa moja ikaenea hata magari yakawa zaidi ya 20 katika dayosisi mbali mbali za Kanada. Kila gari lilikuwa na watu wawili, mmoja wa kufundisha na mmoja wa kuendesha na kutengeneza. Twapenda sana kanuni hiyo. Hawakusema kwamba mwalimu ndiye mtumishi wa Injili na fundi ni mtumishi wa mwalimu. Wote wawili walitumwa kwa kazi moja. Eva Hasell aliendelea kurudi Kanada hata uzeeni, akafa mwaka 1974.

Ndugu zetu Wakatoliki pia wanayo habari yao, nayo yahusu Afrika. Mwaka 1925 padre mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann, alikufa kwa ugonjwa katika nchi iitwayo leo Namibia, mbali na msaada wa daktari, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, alihuzunika sana. Mwaka 1927 akaanzisha huko Ujerumani chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari motokaa, mashua, na ndege. Misioni nyingi zimebarikiwa kwa wazo hilo. Lakini kila aliyepokea zawadi ya namna hiyo ajua kwamba mtoaji hutoa mara moja, naye mpokeaji hana budi kutoa kila mwezi: oili, tairi, breki, na ujira wa fundi.

Sasa turudi nyumbani, nasi tuungame. Motokaa yetu haikuuawa na umri. Ilisimama kwa sababu ya pampu ya maji iliyovuja, jambo la kutengenezwa kwa siku moja. Fedha haikuwekwa akiba, basi ikaachwa chini ya mti masika matatu, na kusimama kukaiharibu kuliko safari zote. Petroli ilichacha tangini, betri ikafa, breki zikashikana kwa kutu, tairi zikapasuka ubavuni kwa jua, paa likavuja juu ya vitanda. Katika miaka hiyo mitatu vijiji vya mwisho wa njia vilipata Ushirika mara chache sana. Mzee mmoja wa huko alituuliza, bila hasira, kama Kanisa limehama. Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo shauri letu kwa baraza ni hili. Kwanza, fundi mwaminifu aingie chini ya motokaa na nyundo ndogo, agonge chuma cha fremu kutoka mbele hata nyuma. Kama fremu imeliwa na kutu, tusidanganyane. Iuzwe, wala hakuna aibu, kwa maana roho za watu ni za thamani kuliko chuma tulichokizoea. Kama fremu ni nzima, yote yaliyobaki yaweza kutengenezwa, nayo yafanywe kwa utaratibu: breki na usukani kwanza, kisha tairi, kisha maji na oili, kisha nyaya za umeme, kisha paa. Vitanda, jiko, na mapazia vije mwisho.

Pili, motokaa iwe na daftari lake. Humo iandikwe tarehe, maili, oili iliyobadilishwa, na kila kilichotengenezwa, pamoja na jina la aliyefanya. Tatu, kila mwaka iwekwe fedha ya matengenezo, isiyoguswa kwa shauri jingine. Bila daftari na akiba, motokaa mpya nayo itasimama chini ya mti ule ule.

Na neno la mwisho. Tulipotafuta majina ya mafundi wa dayosisi yetu ili tuyaandike katika kitabu hiki, tuliona kwamba vitabu vya zamani vimeandika majina ya waliosafiri, wala si ya waliofanya safari iwezekane. Hatuwezi kuyarudisha yaliyopotea. Lakini daftari jipya likianza mwaka huu, wale watakaoandika habari za jubilii ijayo watayakuta majina hayo, kila moja mbele ya kazi yake na tarehe yake.