Kuangua Mayai Pasipo Kuku

Kuku huatamia mayai yake siku 21, wala hafundishwi na mtu kadiri ya joto litakiwalo. Mwanadamu aliyetaka kushika nafasi yake aliitafuta kadiri hiyo kwa karne nyingi. Historia ya mashine ya kutotolesha vifaranga, ambayo leo hukaa hata juu ya meza ya nyumbani, ni safari ya ujuzi uliotoka katika ngozi za watu wachache ukaingia katika tarakimu zisomwazo na wote.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba huko Misri mayai yaliangulika kwa kufukiwa ndani ya samadi. Wamisri walijenga pia matanuri ya matofali ya udongo: ushoroba katikati, na pande zote mbili vyumba vya chini na vya juu. Mayai kwa maelfu yalilazwa chini. Moto wa samadi na makapi uliwashwa juu. Kipimajoto hakikuwako. Mlinzi wa tanuri aligusisha yai kwenye kope lake, na ngozi ile laini ikamwarifu kama moto uongezwe au upunguzwe. Ujuzi huo ulirithishwa baba kwa mwana, nao haukutolewa ovyo kwa wageni.

Mfaransa Réaumur, mchunguzi wa viumbe aliyebuni kipimajoto chenye jina lake, alitaka kuifungua siri hiyo. Mwaka 1749 alitoa kitabu juu ya kuangua mayai kwa joto lisilo la kuku. Alitumia mapipa yaliyozungukwa na samadi ya farasi. Kwa mtu asiyekuwa na kipimajoto alieleza hila nyepesi: siagi na shahamu zitiwe katika kichupa kilazwe kando ya mayai. Zikiwa nzito kama shira, joto latosha. Zikiwa nyepesi kama mafuta, limezidi. Kichupa kile kilikuwa kope la Mmisri lililowekwa mikononi mwa mtu yeyote.

Lilibaki tatizo la mkesha, kwani kipimajoto huonya asiyelala tu. Mwaka 1881, huko Uingereza, Charles Hearson alibuni kidonge chembamba cha madini chenye matone ya kimiminika kichemkacho upesi. Joto likizidi, kidonge huvimba na kuinua kifuniko juu ya taa, moto wa ziada ukatoka. Likipungua, kifuniko hushuka. Tangu hapo mwenye mayai aliweza kulala.

Hata hivyo mashine haikumwondolea kazi yote. Joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi pasipo unyevu hukausha yai, na yai lisilogeuzwa mara kadhaa kila siku, hadi siku ya 18, huweza kufisha kiinitete. Nao mafundi wa Misri hawakutoweka: mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya matanuri yao yaliyokuwa yangali yakifanya kazi.

Basi tusiwadharau waliojua pasipo kuandika. Kope lao lilipima sawasawa. Upungufu wake ulikuwa mmoja, kwamba lilifumbwa pamoja na mwenyewe. Tarakimu haikuzidi kope kwa hekima, bali ilidumu baada ya mwenye kuiandika. Kila fundi mzee afaye leo na ujuzi wake haujaulizwa, tanuri moja huzimika.