Mstari wa 1886 na Ramani ya Wakurya

Mipaka ya kubuni huzaliwa mezani, na mpaka wa Kenya na Tanzania unaopita kaskazini mwa Nyamisangura, mjini Tarime, ulizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuchora mstari kutoka pwani, zikaukunja kuuzunguka Kilimanjaro, kisha zikaunyoosha hadi Ziwa Victoria, digrii 1 kusini mwa ikweta. Ukawakata Wairege, Wanyabasi na Wakira, koo za Wakurya, kila ukoo ukibaki na watu pande zote mbili.

Wapo wanaosema hapakuwa na dola ya kugawanywa, kwa kuwa Wakurya hawakuwa na mfalme na koo zao zilipigana. Hoja hiyo inapima utawala kwa kiti cha enzi. Kila ikiaro, yaani ukoo na ardhi yake, kilikuwa na marika yake na inchama, baraza la siri la wazee. Hata vita vyao vinathibitisha kwamba kila ukoo uliijua mipaka yake. Ni kweli kwamba kodi, shule na uraia vimeupa mstari ule uzito. Lakini kati ya Sirari, upande wa Tanzania, na Isebania, upande wa Kenya, undugu bado unafuata ramani ya zamani.