"Afadhali wakati ya Mobutu": kweli ama hapana?



Kila mwaka tarehe 17 Mei inapokaribia, maneno ni yale yale. Mtu mmoja anaweka picha ya Mobutu na kofia yake ya chui, wengine wanaandika chini: "Afadhali wakati ya Mobutu." Wengi wetu tunaoandika hivyo tulizaliwa yeye akiwa ameshaondoka. Mimi pia niko kati yao. Habari zake nilizipata kwanza kwa baba mukubwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Nikisema vibaya juu ya Mobutu, ananikatiza: "Weye mutoto hauyue kitu. Zaire moja ilikuwa dola mbili!" Lakini siku moja alitoa ndani ya Biblia yake noti moja ya zaire milioni tano, akanionyesha huku anacheka. Nikamuuliza: "Baba, kama zaire moja ilikuwa dola mbili, namna gani tulifika kwa hii?" Alinyamaza. Swali hilo ndilo ninalotaka tulijibu leo.

Tuanze na haki yake. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Katanga na Kasai ya Kusini zilikuwa zimejitenga na kurudishwa kwa nguvu, Simba walikuwa wameshika Stanleyville mwaka 1964, na wakubwa wa Léopoldville walikuwa wanavutana tu. Watu walikuwa wamechoka na vita. Baada ya mamluki walioshika Bukavu kufukuzwa mwaka 1967, inchi ilipata kupumua. Mwezi wa Juni mwaka ule ule zaire ilizaliwa: franka 1,000 za zamani zilikuwa zaire 1, na zaire 1 ilikuwa kweli dola 2. Baba mukubwa hakudanganya. Leta ilichukua mali ya Union Minière, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Umeme wa Inga ya kwanza ulianza mwaka 1972. Kwa mupira, tulibeba kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, na mwaka huo wa 1974 Léopards walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza kombe la dunia. Ali na Foreman walipigana Kinshasa, dunia nzima ikitazama. Mtu aliyeishi siku hizo akizikumbuka kwa furaha, tusimcheke.

Sasa upande wa pili. Wengi wanasema: "Alianza muzuri, akaharibika nyuma." Mimi sikubali. Ninaona ubovu ulianza ndani ya miaka ile mizuri yenyewe.

Tarehe 2 Juni 1966, Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, alinyongwa mbele ya umati wa watu pamoja na mawaziri watatu wa zamani. Mwaka 1967 chama cha MPR kikaundwa, na baadaye kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa walitoka balabalani kudai haki zao, askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, wakaingizwa jeshini kwa nguvu, na vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa Leta. Ndugu zangu, hapo zaire ilikuwa bado na thamani. Lakini bunge, chama, mahakama, chuo kikuu: hakukubaki mahali pa kumwambia raisi "hapana, hapa unakosea".

Tuliona matunda yake tarehe 30 Novemba 1973. Raisi alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Nia yenyewe haikuwa mbaya: uchumi wa inchi uwe mikononi mwa wenye inchi. Ila vitu vingi vilienda kwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwa ndani ya duka, wakala franka, wakafunga mlango. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka, madeni yakapanda. Kufika 1976 Leta yenyewe ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi. Wengi hawakurudi.

Toka hapo kila kitu kilifuata njia hiyo. Laini ya umeme ya kilomita karibu 1,700 ilijengwa toka Inga mpaka Kolwezi kwa deni kubwa, ikapita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Na Leta ikikosa franka, ilichapa noti tu. Ile noti ya milioni tano ilitoka mwishoni mwa 1992. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa nayo wakapora Kinshasa Januari 1993. Mwezi wa Oktoba ikaja zaire mpya: zaire milioni 3 za zamani kwa 1 mpya.

Basi jibu langu kwa baba mukubwa ni hili. Zaire ya dola mbili na noti ya milioni tano ni za utawala mmoja. Nguvu iliyoleta utulivu wa haraka ndiyo iliyofunga midomo, na midomo ilipofungwa hakuna kosa lililorekebishwa kwa wakati. Mobutu alijua kujenga na kuunganisha. Lakini alijenga juu ya mtu mmoja, na mtu huyo alipougua na kukimbia mwaka 1997, hakukuwa na jeshi wala chama kilichobaki kimesimama.

Sisemi hivi ili tumtukane marehemu. Ninasema juu ya sisi. Tunapoandika "afadhali Mobutu", mara nyingi tunamaanisha tunataka usalama, mshahara, balabala. Ni haki yetu kuvitaka. Lakini tusiombe mkubwa mwingine wa kutunyamazisha ili tuvipate. Wanafunzi wa 1969 walikuwa na umri wetu, na walikuwa wameshaona hatari hiyo wakati zaire bado ilikuwa dola mbili.

Na nyumbani kwenu, bazee wanasema nini? Waulizeni wangali hai, muandike.