Nyumba za Mji Mkongwe na Wanaozichunga

Sisi tulio mbali tukiikumbuka Unguja hukumbuka milango yenye njumu na jua likizama Forodhani. Leo nataka tuzungumze kitu ambacho hakuna anayekipiga picha, nacho ni mlizamu wa maji ya mvua.

Nyumba za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa saruji. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba, na sisi watoto tukidhani waliojenga walikuwa mabakhili wa nafasi! Mapaa ya mwanzo yalikuwa bapa, baadaye yakaezekwa mabati kwa sababu ya mvua. Bati likitoboka au mlizamu ukiziba, maji huingia ukutani, chokaa hulainika, ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta huoza, na siku moja dari huja chini. Huchukua miaka, kimya kimya.

Zamani kila nyumba ilikuwa na mwenyewe, na nyingi zilikuwa wakf. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walikimbia, serikali ikazichukua nyumba nyingi na kuwapa wakaazi wapya. Siwalaumu waliopewa. Familia nne au tano ndani ya nyumba moja, kila moja na chumba chake, na paa halina mwenyewe. Nguvu za ujenzi nazo zilikwenda Ng'ambo, kwenye majumba ya Michenzani. Ilipofika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka, na mwaka 1985 ndipo serikali ilipounda mamlaka ya kuuhifadhi mji. Mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya urithi wa dunia, na miaka miwili baadaye wenyeji wakaunda jumuiya yao ya kujitolea kuutetea.

Lakini orodha haipandi juu ya paa kuzibua mlizamu. Anayepanda ni jirani.

Nyumba yetu iko Kiponda. Warithi tuko kumi na mmoja, Muscat, Dubai, London na Toronto, na ndani wanakaa wapangaji wawili watatu ambao kodi yao haitoshi hata kununua bati. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa mtaani, mwalimu mstaafu, akaniambia: "Mwanangu, ukuta wenu wa nyuma umetoka tumbo." Nikaona haya, nikatuma pesa haraka na maagizo: tieni saruji, ipigwe lipu mpya, imara. Ikafanywa kama nilivyotaka. Masika ya pili lipu ikabanduka vipande vikubwa, na mawe ya nyuma yake yakawa yanamomonyoka kama biskuti ndani ya chai. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka chini lazima vipate pa kutokea. Saruji huvifungia ndani. Nimeuharibu ukuta wa babu yangu kwa pesa zangu mwenyewe, tena kwa nia njema.

Aliyeusalimisha ni yule mwalimu na vijana wa barazani. Walibandua saruji yote, wakamtafuta fundi mzee anayejua bado kuroweka chokaa kwa miezi kabla ya kuitumia, nao wakabeba mchanga na maji kwa ndoo, jioni baada ya kazi zao. Malipo yao yalikuwa chai, mikate ya maji na pesa kidogo ya fundi. Kabla ya kila masika hupanda kusafisha milizamu ya mtaa mzima, ya nyumba zenye wenyewe na zisizo nao.

Tarehe 25 Disemba 2020 iliporomoka sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, likiwa katikati ya matengenezo. Watu wawili walikufa. Kipande chake kilikuwa kimeshaanguka mwaka 2012. Simu zetu zilijaa vilio wiki nzima, na kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Mimi nilikuwa nikiufikiria ule ukuta wa Kiponda, maana jumba lile lilililiwa na dunia nzima, na nyumba kama yetu ikianguka hulia waliolala ndani yake tu.

Sasa boriti tatu za dari ya juu zinataka kubadilishwa. Vijana wako tayari, fundi yupo, lakini mwalimu anasema hawawezi kugusa dari ya watu bila ya karatasi yenye saini za warithi wote, wasije wakaambiwa wameivamia nyumba. Ana haki. Tangu Shaabani karatasi inazunguka. Saini zimefika saba. Wawili wa Muscat wanataka kwanza tugawane, mmoja wa Dubai anataka tuuze, na wa Toronto, ambaye pengine anausoma ukurasa huu, bado hajajibu simu.